Spellbreak: nilivyoifaidi ilipokwisha kufa

Gemu hii ya kompyuta nimeicheza mara mbili, ilipokuwa hai na ilipokufa, na utamu wake wote nimeupata ilipokufa.

Niliipakua 2021, siku chache baada ya kompyuta yangu ya mtumba kuwekewa kadi ya picha ya maana, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za gemu. Ilikuwa ya bure, imetoka Septemba 2020, kazi ya studio ya Proletariat ya Boston, Marekani. Mnamwagwa uwanjani kundi zima, dhoruba inawabana polepole, atakayebaki ndiye mshindi. Hilo tulishalizoea kwenye gemu za bunduki. Hapa bunduki hakuna, mnarogana.

Uchawi wenyewe unakaa mikononi. Kila mchezaji anavaa glavu mbili. Moja unaichagua kabla ya kuingia, na ndiyo inayokupa fani yako. Ya pili unaiokota humo humo. Zipo za aina sita: moto, barafu, radi, upepo, mawe na sumu. Raha iko kwenye kuzichanganya. Mwenzio katega wingu la sumu mlangoni, wewe unalitia moto linalipuka naye karibu. Kimbunga ukikipitisha kwenye ukuta wa moto kinageuka kimbunga cha moto, kinazunguka kinatafuta watu. Mwenye mawe anatuma wimbi linalotambaa ardhini, kwa hiyo ukimwona tu, ruka.

Na kuruka ndiko kulikoniteka. Kila mtu anaweza kuelea, ila kuelea na kurusha uchawi vyote vinakula mana ile ile, yaani akiba yako ya nguvu za uchawi. Ukijifanya ndege ukapaa sana, unafika juu ya adui huna kitu mkononi, unashuka kama embe bivu. Mimi nimeshuka hivyo mara nyingi sana mpaka nikajifunza kurusha kwanza, kuelea baadaye.

Sasa adha. Nilikuwa nachezea seva za Ulaya, yaani kompyuta za mbali zinazowaunganisha wachezaji, na kwa intaneti ya bando niliyokuwa nayo pingi, ule muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, haikuwa inashuka milisekunde 200. Namwona mtu yuko mbele yangu, namtwanga mshale wa barafu wa kwenye utosi kabisa, kumbe mwenyewe keshaondoka zamani, nimepiga kivuli. Halafu nakufa kwa kitu ambacho hata sijakiona kikija. Kwenye gemu ambayo kila pigo unalipima kwa macho, hiyo ni sawa na kucheza bao umefungwa kitambaa. Nikawa naingia siku mojamoja, kama mtu anayemwamkia jirani njiani.

Juni 2022 kampuni ya gemu ya Blizzard ikaichukua Proletariat ili isaidie kazi ya World of Warcraft, gemu yao ya mtandaoni, na ikatangazwa kuwa seva za Spellbreak zitazimwa. Zikazimwa kweli, tarehe 10 Januari 2023. Miaka miwili na miezi minne tu tangu itoke. Lakini waliacha kitu ambacho studio chache huacha: toleo la bure kwenye tovuti ya gemu ya itch.io, la Windows, ambalo mwenye kutaka anajiwekea seva yake mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo gemu ilipoanza.

Nina duka la steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye barabara zetu za namba. Mchana ni kopi, barua za maombi ya kazi na picha za pasipoti. Usiku nashusha shata nusu, tunaunganisha kompyuta kwa waya kwenye ruta moja, bando hata sigusi. Jioni ya kwanza iliishia kwenye kuhangaika na ulinzi wa kompyuta uliokuwa ukiwakatalia wenzangu kuingia, na kuandika ile anwani ya namba ya kompyuta yenye seva mara kumi kwa sababu mpwa wangu alikuwa anasahau nukta. Ya pili tukaingia. Wallahi sikuamini. Mshale unakwenda ulikoutuma! Mtu ukimpiga, amepigika.

Tuko wanne: mimi, mpwa wangu, fundi simu wa jirani na dereva bodaboda mmoja ambaye kompyuta yake inavuma kuliko pikipiki yake. Mashine mbili za dukani, zile za kuchapia, hata kuifungua gemu zilishindwa. Inataka kompyuta yenye kadi yake ya picha. Usiku mmoja tumo katikati ya radi na vimbunga, sauti nimeiachia spika, bibi mmoja akachungulia chini ya shata na kitambulisho mkononi.

"Mwanangu, mvua inanyesha upande huu?"

"Shikamoo bibi. Hapana, ni kompyuta hizi."

"Marahaba. Basi nitolee kopi mbili, hiyo mvua yako itanisubiri."

Nikamtolea. Niliporudi kwenye kiti nikakuta nimeshakufa, mpwa wangu anajifuta machozi ya kucheka. "Mjomba, ulisimama pale kama mnazi!"

Ubaya upo, nisiufiche. Uwanja ule ulitengenezwa kwa umati, sisi wanne tunapotea humo kama punje za mchele kwenye sufuria ya shughuli. Unakimbia dakika kadhaa huoni mtu, majani na magofu tu, mazuri ya kuchorwa kama katuni, lakini hayapigani. Tumekubaliana kukutana kwenye gofu moja kila raundi, na asiyefika anaitwa mkimbizi. Na kipya hakuna tena: hakuna wa kurekebisha kasoro, wala glavu ya saba haiji.

Ningeipa nane kwa kumi, ya zamani ningeipa tano, na hizo tatu za katikati ni za ule waya wa ruta. Ukiwa Tanga na una laptopu yenye kadi, faili ninalo kwenye flashi. Njoo baada ya saa mbili usiku, na waya uje nao, wangu umebaki mmoja na kichwa chake kimelegea.