Apple Logo: likizo nzima na kobe asiye na miguu

Kobe mwenyewe si kobe. Ni pembetatu ndogo nyeupe katikati ya skrini nyeusi. Mpwa wangu wa darasa la tatu alipoiona aliniuliza, "Mjomba, miguu yake iko wapi?" Nikamjibu kwamba kobe wa mwaka 1982 walikuwa hivyo. Akanitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Programu yenyewe ni Apple Logo, lugha ya kompyuta ya kuwafundisha watoto kupanga programu, iliyotengenezwa na kampuni ya LCSI ya Kanada kwa ajili ya Apple II, kompyuta iliyoenea sana katika shule za Marekani miaka ile. Apple II sina. Nimeiendesha kwenye laptopu yangu kupitia AppleWin, programu inayoigiza mashine ile ya zamani ndani ya mashine ya leo. Ikiwaka inaandika WELCOME TO LOGO, kisha alama ya kuuliza, basi. Hakuna menyu, hakuna muziki, hakuna pa kubofya. Wapwa zangu wawili, waliozoea simu ya mama yao, walikaa kimya wakisubiri kitu kitokee.

Hakikutokea, na hapo ndipo Logo inapotofautiana na wenzake. Programu nyingi za shule za wakati ule zilikuwa za maswali: saba mara nane ni ngapi, ukipata unapongezwa, ukikosa unarudia. Logo haikuulizi chochote. Wewe ndiye unayeamuru. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, kule Geneva kabla ya kwenda chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitaka mtoto ndiye aipangie kompyuta, si kompyuta impangie mtoto. Lugha yenyewe waliibuni 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Kobe alikuja baadaye, na wa mwanzo alikuwa roboti wa kutembea sakafuni, anaburuta waya huku kalamu ikichora chini ya tumbo. Huyo ningependa kumwona.

Ukiandika FORWARD 100, kobe anasonga mbele hatua mia na kuacha mstari. RIGHT 90, anageuka. Ukisahau nafasi kati ya neno na tarakimu, inakujibu: I DON'T KNOW HOW TO FORWARD100. Jibu hilo tulilisoma mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Tatizo letu lilikuwa Kiingereza. Hawa watoto wanasoma hisabati kwa Kiswahili, na yule mdogo alikuwa anatafuta F, kisha O, kisha R, akifika D ameshasahau alitaka kuchora nini. Siku ya pili nikakumbuka kwamba Logo inakubali kufundishwa maneno mapya. Tukaandika TO MBELE :N (hiyo :N ni pa kuweka idadi ya hatua), mstari wa pili FORWARD :N, wa tatu END. Ikajibu MBELE DEFINED. Yule mkubwa, wa darasa la sita, akajaribu MBELE 50 na kobe akatii. Kelele zilizopigwa pale zilimtoa dada yangu, mama yao, jikoni.

Basi tukaanza kumfundisha kobe Kiswahili. NYUMA, KUSHOTO, FUTA. Kwenye KULIA tukakwama, maana mdogo aliandika KULIA 90 akaanza kucheka: "Kobe analia mara tisini!" Hakuweza kuendelea. Ikabidi tutumie KUUME, neno ambalo wao walikuwa wakilisikia kwa babu tu. Sasa wanalitumia hadi mezani.

(Hiyo TO, kwa anayejiuliza, inafanya kazi kama "ku" ya vitenzi vyetu. Ndiyo maana mashine ikishindwa inasema haijui *ku*-kitu fulani. Nilipowaeleza hivyo, ujumbe wa kosa uliacha kuwatisha. Kobe hajui, afundishwe.)

Jambo lililonifanya niandike haya ni pembetatu. Mraba ulikuwa rahisi: REPEAT 4 [MBELE 60 KUUME 90], yaani rudia mara nne yaliyo ndani ya mabano. Mkubwa akataka pembetatu yenye pande sawa, na kwa kuwa darasani amefundishwa kuwa kila pembe yake ni nyuzi 60, akaandika REPEAT 3 [MBELE 60 KUUME 60]. Ukatoka mdomo wazi, kama nusu ya sega la nyuki. Akarudia. Akaniambia kompyuta imeharibika.

Sikumjibu. Nilimwambia asimame, atembee sakafuni pale sebuleni kama kobe, na Papert mwenyewe alipenda watoto wafanye hivyo. Alipofika kwenye kona akajigeuza, akasimama, akatazama miguu yake. "Mjomba, nageuka sana kuliko sitini." Anageuka 120, yaani pembe ya nje. Nimefundisha pembe za nje kwa miaka kadhaa kwa chaki na rula, na sijawahi kuona sura ya mtoto ikibadilika vile. Jioni ile alipata pembetano kwa 72 bila kuniuliza, na kesho yake nyota kwa 144, baada ya kukosea kwa muda mrefu na kukataa msaada.

Nisiipambe kupita kiasi, lakini. Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa Bank Street College ya New York, waliwachunguza watoto wa Logo miaka ya themanini hiyohiyo na hawakuona kwamba kujua kupanga programu kuliwafanya wapange vizuri mambo mengine. Nami niliona kitu cha namna hiyo nyumbani. Nilipompa mkubwa swali la pembe za nje kwenye daftari, alilitazama kama hajawahi kukutana nalo mpaka nilipomwambia, "Huyu ni kobe." Hapo akalimaliza. Bila mtu wa kumkumbusha, sidhani angeunganisha. Anayetaka kuwaachia watoto programu hii akaenda kuoga, asijisumbue.

Kasoro nyingine ni za umri wake. Mistari ya kusimama inatoka na rangi za ajabu pembeni. Kobe akipita ukingo wa juu anaibukia chini, na michoro mikubwa inavurugika. Kuhifadhi kazi ndiko kulikotuumiza: lazima uandike SAVE na jina lenye alama ya kunukuu ya kufungua tu, bila ya kufunga, na diski iwe imeandaliwa. Siku ya nne nilifunga dirisha kabla ya kuhifadhi. Maneno yote ya Kiswahili yakapotea. Mdogo alilia kweli, si nyuzi tisini.

Tuliyaandika upya kwa nusu saa, na safari hii waliandika wao. Siku ya mwisho mdogo akaandika CHEZA bila kuniambia. I DON'T KNOW HOW TO CHEZA, ikajibu. Akamgeukia dada yake: "Tumfundishe?" Wakatengeneza REPEAT 36 [MRABA KUUME 10], ua kubwa la miraba lililojaza skrini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa asiye na subira ya diski za kale ipo Scratch ya MIT, ya mwaka 2007, yenye menyu za Kiswahili tayari, na matofali ya kuburuta badala ya kuandika. Niliwaonyesha hiyo pia. Paka wake, anayeamriwa kama kobe wetu, aliwafurahisha kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu mkubwa aliniuliza diski ya kobe nimeiweka wapi.