Mafunzo ya usingizi kwa wazazi wa watoto wenye usonji: nyota mbili, na moja nimeitoa kwa shingo upande

Hasira zangu bado hazijashuka. Mafunzo haya ni ya hapa mjini Unguja, na ada yake si ndogo. Mama mmoja kauliza afanyeje, mwanawe ana miaka minne na hapati usingizi mpaka saa sita usiku. Jawabu alilopewa na mkufunzi mbele ya watu: "Mmemdekeza. Mlaze saa mbili, funga mlango, mwache alie."

Saa mbili! Ukimtia kitandani muda wa masaa manne kabla usingizi haujamjia, unamzoesha kuwa kitanda ni pahala pa kukesha. Kinachofanyika ni kinyume. Wiki nzima andika saa anayolala hasa. Ikiwa ni saa sita, mpeleke kitandani saa sita na nusu. Akilala ndani ya robo saa kwa siku mbili mfululizo, mlaze dakika 15 mapema zaidi, na uendelee hivyo hivyo kidogo kidogo. Asipolala, mtoe, akae macho kama saa moja, taa hafifu, simu hakuna, ndipo umrudishe. Asubuhi aamshwe saa ile ile, hata Jumapili, la sivyo hesabu yote inaharibika.

Kumwacha alie nako kupo, sikatai. Lakini siku za mwanzo kilio huzidi kabla ya kupungua, na hilo mkufunzi hakulitaja kabisa. Nyumba zetu tunazijua: siku ya tatu bibi atainuka ukumbini ambebe, na mtoto keshajua kwamba akizidisha anabebwa. Kama ni hivyo, bora msianze. Na anayejigonga kichwa ukutani hafungiwi mlango, jamani!

Wala hakuuliza kama mtoto anakoroma, anapata choo, au miguu haitulii usiku, maana upungufu wa madini ya chuma nao huifanya miguu isitulie.

Haya, kadi za picha walizotuonyesha, za hatua za kwenda kulala, nazisifu. Koga, nguo za kulala, dua, taa. Mtoto anabandua moja moja na kuitumbukiza koponi. Nzuri mno, karibu niongeze nyota. Ila waliozoea kulala na mvumo wa feni umeme ukikatika wanazinduka, basi tengenezeni na kadi ya "feni imezima", muifanyie mazoezi mchana.

Nilitaka kusema nendeni kwa ajili ya kadi tu. Hapana. Kadi mtazikata wenyewe kwa mkasi na boksi la viatu.