Sauti ya simu mbele ya tifu, tapwi na chubwi

Programu ya kusoma maandishi kwa sauti niliyoiweka kwenye simu yangu hupatikana bure, hufanya kazi hata pasipo intaneti mara sauti yake ikishapakuliwa, na husoma habari za Kiswahili kwa ufasaha unaomtosha mtu asiyeona vizuri. Mama mkubwa, ambaye macho yake hayahimili tena maandishi madogo, husomewa nayo magazeti kila asubuhi, na kwa kazi hiyo sina la kuilaumu. Hata hivyo, lugha ya habari si kipimo kigumu. Niliamua kuipima programu hii kwa maneno ya mchezo, yale tuliyokua tukiyachezea, kwa sababu humo ndimo Kiswahili kinapodhihirisha jinsi wenyewe tunavyosikia.

Nilianza na vitanza ndimi. "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata miti" ilitoka safi na kwa kasi asiyoiweza mtu, lakini utamu wa kitanza ndimi umo katika hatari ya ulimi kuteleza, na watoto waliokuwa wakisikiliza walinyamaza tu badala ya kugombea zamu. Nikaiandikia "Barabara hii imejengwa barabara." Maneno yote mawili yalitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, ilhali barabara lenye maana ya sawasawa hutiwa mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na mtoto wa darasa la pili hulitofautisha bila kufundishwa.

Upungufu mkubwa niliukuta kwenye tanakali za sauti. Nilitunga sentensi za embe linaloanguka: mchangani tifu, topeni tapwi, majini chubwi, sakafuni pu. Zote zilisomwa kwa uzito mmoja, kana kwamba ni majina kwenye orodha. Msimulizi wa kwetu hasemi hivyo. Tifu hulikata fupi na kuliachia pumzi, tapwi hulibandika kwa midomo, chubwi hulizamisha, na kabla ya kila moja hutua kidogo ili msikilizaji ategemee. Aliyegeuza uso pembeni hujua embe limeangukia wapi. Lugha iliyoutengea mchanga neno lake, tope lake na maji yake imetoka kwa watu wanaotaka msikilizaji awepo penye tukio, si aarifiwe tu kwamba tukio limetokea. Ndiyo maana giza kwetu ni totoro, kimya ni ji, na aliyelala usingizi mzito amelala fofofo. Sauti inayoyapitia maneno haya kwa unyoofu imeacha nusu ya habari.

Kuhusu ng', programu husoma ng'oa vizuri pale ritifaa, yaani alama ile inayofuata ng, inapoandikwa wima. Ikiandikwa kwa alama iliyopinda, kama zinavyofanya baadhi ya kibodi, neno hugeuka ngoa, yaani wivu. Kasoro hii ni ndogo na hurekebishika kwa urahisi, nami ninashangaa kuwa bado ipo.

Wasomaji wa Mombasa watakuwa na dai jingine, tena la haki. Kimvita, lahaja ya Mombasa, hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka na p, lakini tahajia sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, haiionyeshi pumzi hiyo. Sauti hii inayofuata herufi zilivyo ukurasani huwasomea wanyama na mapaa kwa namna moja. Waundaji hawakulianzisha tatizo hili, ila wangeweza kulipunguza kwa kurekodi wazee wa Mji wa Kale wakitegeana vitendawili, badala ya kutegemea wasomaji wa habari peke yao.

Kwa magazeti, barua na ujumbe wa simu ninaipa nyota nne kati ya tano. Kwa hadithi za watoto ninaipa mbili, na anayetaka kuitumia hata hivyo aipunguze kasi na kuweka nukta kabla ya kila tanakali, kwani nukta huilazimisha kutua, na baada ya kutua huko chubwi husikika karibu na maji.