Tumetoa hesabu za duka kwa seva tukapeleka klaudi: uzoefu wangu baada ya miaka miwili

Naandika hii manake kila wiki kuna mtu wa hapa mtaani aniuliza ile programu ya hesabu ya klaudi, yani yakaa kwa mashine za kampuni huko waifungua kwa intaneti na kuilipia kila mwezi, yafaa ama aachane nayo. Jina la kampuni silitaji, sitaki maneno, ila ni ya nje na yalipwa kwa dola. Mimi ndo naeka hesabu za duka la ami yangu Biashara Street hapa Mombasa, twauza leso za jumla, na tuna tawi dogo Ukunda.

Zamani tulikuwa na programu ya kununua mara moja tu. 2014 tulilipa shilingi 185,000, ikatiwa kwa seva, ile kompyuta kuu ya kuhifadhi hesabu, nyuma ya duka karibu na mzigo, kompyuta tatu zikaunganishwa kwa waya, basi. Kila mwaka twamwita fundi, 15,000, apangusa vumbi, abadilisha feni manake joto la huku na chumvi ya bahari mashine haidumu, aenda zake.

Sasa ikaja ile giza ya nchi nzima, Agosti 25, 2023. Ilikuwa Ijumaa usiku, mimi niko nyumbani, UPS, ile betri ya akiba, imeshikilia ikachoka. Stima iliporudi seva yawaka vizuri tu lakini faili la hesabu halifunguki. Nikasema si neno, bakap iko, yani nakala ya akiba. Bakap ilikuwa kwa flashi, na mara ya mwisho kuichukua ni Julai mosi! Wiki nane za invoisi nimezichapa upya kutoka vitabu vya risiti, mimi na kijana wa duka, kila siku mpaka saa nne usiku, na bado kuna wateja wawili watatu deni lao hatukulipata sawasawa na wao wenyewe wamenyamaza kimya, yakhe nani atakukumbusha deni lake.

Hata hatujapumua, Oktoba 10 mwaka huo huo Microsoft wakamaliza kuihudumia Windows Server 2012, ndo programu iliyokuwa yaendesha seva yetu, yani hakuna tena marekebisho ya usalama. Fundi akapiga hesabu ya seva mpya na leseni zake, 240,000. Klaudi walitaka dola 70 kwa mwezi kwa watu watatu. Nikamwendea ami.

Ami kazaliwa Majengo, kwa nyumba babake aliyoijenga juu ya ardhi ya mtu, ule mtindo wetu wa Mombasa, kuta zako mabati yako lakini ardhi ina mwenyewe na kila mwezi wampelekea kodi yake. Akanisikiza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hizo hesabu zitakuwa zetu?"

"Zetu, ami."

"Na hapo zitakapokaa?"

"Hapo pa wenyewe."

"Haya. Kodi yapanda lini?"

Mimi nikacheka. Nilidhani afanya mzaha.

Tulianza Januari 2024, na kama wakumbuka mwezi ule dola ilikuwa inakaribia shilingi 160, kwa hivo dola 70 ikawa kama 11,000 na ushei. Baadaye shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi kwa 129 hivi, tukawa twalipa 9,000 na kidogo bila kampuni kupunguza hata senti moja. Sisi bahati ilituangukia. Ingekwenda upande ule mwingine je?

Waliniambia kuhama ni siku moja. Ilikula wiki tatu, na kilichohama ni orodha ya wateja, stoku na salio za mwanzo peke yake, miaka yote ya nyuma ikabaki kwa mashine ya zamani. Na KRA, watu wa ushuru, wataka rekodi zikae miaka mitano, kwa hivo ile seva nimetoa diski nzima nikaitia kwa kompyuta nyingine, na kompyuta hiyo sasa hivi iko chini ya meza yangu imefunikwa leso ya zamani, na kila mwezi naiwasha nione kama yafufuka.

Lakini kilichonitoa jasho kweli ni korija. Korija ni 20, hilo hata mtoto wa Biashara Street alijua. Kwa ile programu ya kwanza fundi alitutengenezea, waandika korija 3 stoku yatoa 60. Hii mpya yajua kipande, boksi na dazani, basi, korija 3 yatoa 3. Nikawaandikia, jibu likaja saa nane usiku manake wao saa zao ziko mbali, eti nitumie dazani. Korija na dazani wapi na wapi! Mpaka leo twazidisha kwa kichwa, na kijana siku akichoka aandika 2 badala ya 40, halafu mimi mwisho wa mwezi nahesabu leso kwa mkono kama niko mtihani.

Sasa mazuri yake, nisidhulumu. Zamani daftari la Ukunda lilikuwa lavuka feri ya Likoni kila Jumamosi ndani ya mfuko wa plastiki, mimi najua mauzo ya Jumatatu siku ya Jumamosi. Siku hizi muuzaji wa kule akibonyeza tu nami naona, hata nikiwa kwa matatu ya Bamburi. Mara mbili nimemzuia asimkopeshe mtu ambaye huku mjini tayari ana deni la miezi mitatu. Hiyo peke yake yalipa kodi. Na eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, manake tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi yake haikubaliwi na KRA, kwa hivo wanunuzi wa jumla wote waidai, tulilipia fundi wa hapa atuunganishie na sasa yatoka palepale bila kuchapa mara mbili.

Intaneti ndo roho yake lakini. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, nasi tunaokaa mji ambao nyaya zenyewe zapandia ufukweni tukabaki twatazama kile kiduara chazunguka. Mwisho wa kupeleka VAT ni tarehe 20 na mimi hata ripoti ya mauzo haifunguki. Tangu hapo kila Alhamisi nachapisha orodha ya madeni kwa karatasi, ami aifungia kwa droo yake.

Nilijaribu pia kutoa kila kitu kama vile twataka kuondoka, nione. Invoisi na wateja zimetoka kwa Excel vizuri. Picha za risiti tulizoambatisha hazikutoka zote pamoja, ni moja moja, na ile historia ya nani alibadilisha nini haitoki kabisa. Wewe jaribu hilo kabla hujalipa, si baada.

Juzi ikaja imeili, kuanzia mwezi ujao dola 84. Nikampelekea ami simu asome mwenyewe, akavaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Toa mpangaji mmoja," akasema.

Kwa hivo sasa tuko wawili, mimi na muuzaji wa Ukunda, dola 56. Kijana wa duka amerudi kwa daftari, nami jioni naziingiza, korija kwa korija.