Ficus yangu na yule muuza maua

Kuna bustani moja ya maua hapa Dar, jina naliacha, nilinunua Ficus lyrata pale, ule mti wa majani mapanaaa ambao siku hizi kila sebule unao, 80,000 pamoja na chungu chake cheupe. Mti ulikuwa mzuri sikatai. Nikauweka karibu na dirisha, mwanga upo ila jua kali haliufikii, maji siweki mpaka nichomeke kidole nikute pakavu. Majani ya chini yakadondoka nikasema poa, hii miti ukiihamisha tu inasusa, itazoea. Wapi! Madoa ya kahawia yakaanza kupanda mpaka majani ya juu.

Nikaenda kumuuliza kaka muuzaji kistaarabu kabisa, na picha nikamwonesha. Hata macho hakuyatoa kwenye simu yake: "Sista we una mkono mbaya, kanunue ya plastiki." Mbele ya wateja! Mimi ambaye asumini yangu majirani wanakuja kuomba miche! Eti na hali ya hewa, hali ya hewa gani wakati mti wenyewe kwao misitu ya Afrika Magharibi, joto na unyevu ndo maisha yake.

Nikarudi nikaung'oa. Wee! Chungu hakina tundu hata la dawa, chini kuna maji meusi yananuka kama mtaro, halafu mti wameuchomeka humo na kiriba chake, ile nailoni nyeusi ya kitaluni hawajaivua, wakafunika na kokoto nyeupe za urembo ili iweje sijui. Juu pakavu, chini bwawa. Mizizi ukiivuta ganda linachomoka unabaki na uzi mkononi. Nikakata iliyooza, nikapunguza na majani (yale maziwa yake yanawasha, wenye watoto angalieni), nikahamishia kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, udongo nikachanganya na mchanga. Sasa hivi umeanza kuchipua.

Kwa hiyo haki yao niwape, miche yao ina nguvu, mwingine ungeshakufa. Ukienda pale chukua mti tu, kiriba kivuliwe mbele yako, chungu tafuta kwingine. Ila kwa jibu lile... aah hapana, msiende bana, wauza miche wamejaa barabarani, na hela ya chungu chake nitaifuata.