Caillebotte ukutani: faili la bure kutoka Chicago na fremu inayolifaa

Kwa anayetaka Paris ya karne ya 19 ukutani, hakuna haja ya kununua bango. Art Institute of Chicago (makumbusho ya sanaa huko Marekani), wenye mchoro wa Gustave Caillebotte wa 1877 unaoonyesha mtaa wa Paris siku ya mvua, wameweka picha yake kwenye tovuti yao bila malipo wala kizuizi cha hakimiliki. Fungua ukurasa wa mchoro, bonyeza alama ya kupakua, basi.

Rangi ndiyo sifa yake kubwa. Vanishi iliyogeuka manjano ilishaondolewa, na anga iliyokuwa kama chai ya rangi sasa ni kijivu chenye ubuluu. Ukikuta bango lenye anga ya manjano, limetokana na picha ya zamani; liache.

Tabu huanzia kwenye vipimo. Mchoro halisi ni kimo sm 212 kwa upana sm 276, yaani upana ni mara 1.3 ya kimo. Karatasi ya A2 (sm 42 kwa 59.4) ni mara 1.41, kwa hiyo fundi wa kuchapa akijaza karatasi yote anakula karibu asilimia 8 ya kimo: ama mapaa, ama mawe ya barabara yanayometa maji. Fremu ya sm 40 kwa 50 ni mbaya zaidi maana inakula ubavuni. Kulia kabisa yuko mwanamume ambaye Caillebotte mwenyewe amemkata nusu. Mwavuli wake unakaribia kugonga wa wale wawili wanaokuja, nao wanatazama kando, kana kwamba hayupo. Ukimwondoa huyo, unabaki na mke na mume wanaotembea tu, na upweke wa mji umekwenda naye. Chukua sm 50 kwa 65: inaingia yote. Kama ni lazima A2, chapa sm 42 kwa 54.7 na uache nyeupe pembeni.

Kabla ya kuagiza, gawanya pikseli za upande mrefu kwa 59 upate sentimita zinazofaa kwa nukta 150 kwa inchi, yaani ukali wa chapa. Pikseli 3,000 ni sm 51 tu. Ukivuta hadi 65 bado itapendeza kutoka mita mbili, si karibu zaidi.

Kijivu ndicho kinachowashinda wachapaji. Hujengwa kwa wino wa rangi tatu, na mmoja ukizidi kidogo mtaa mzima unakuwa zambarau au kijani. Dai kwanza ukanda wa majaribio wenye upana wa sm 10, kuanzia angani hadi kwenye mawe. Karatasi iwe isiyong'aa, hasa ukiweka kioo. Ya kung'aa hurudisha mwanga, na yale makoti meusi yote huonekana doa moja.