Darubini Ipi Inafaa Katika Mashua Ndogo?

Anayekwenda kununua darubini huanza kwa kuuliza inakuza mara ngapi, na muuzaji humtolea kwanza ile yenye namba kubwa. Kwa mtu wa nchi kavu swali hilo lina maana yake, lakini ndani ya mashua ya futi 20 inayovuka mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi, namba kubwa ni hasara, kwa kuwa darubini hukuza pia kila mtikisiko wa chombo na wa mikono. Yangu ya kwanza ilikuwa 10x50. Boya nililolitafuta lilipita mbele ya lenzi juu chini, juu chini, nisiweze hata kulitambua rangi, mpaka nikaiweka chini na kutumia macho yangu.

Ninayoiweka ya kwanza, bila kusita, ni 7x50 isiyoingia maji. Namba ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya 50 kwa 7 unapata milimita 7 na ushei, nao ndio upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka karibu kiasi hicho hicho. Faida yake utaiona magharibi ikiingia, unapoingia bandarini na huna budi kujua kama boya lililo mbele ni jekundu, la kuachwa kushoto, au ni la kijani, la kuachwa kulia. Duara pana husaidia pia wimbi linapokusukuma, kwa sababu jicho likihama kidogo taswira haipotei. Uzito wake, kama kilo 1, huchosha shingo, lakini hutuliza mkono.

Hakikisha imejazwa naitrojeni kavu, ambayo huzuia mvuke na kuvu kwa ndani, na kwamba ina alama ya IPX7, yaani inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Maneno “inastahimili matone” hayatoshi baharini. Kabla ya kulipa, ishike mbali na uso uelekee penye mwanga, utazame yale maduara mawili madogo: yawe mviringo kamili, kwani yakiwa na kingo zilizokatika, vioo vya ndani ni hafifu.

Ya pili ni 7x50 yenye dira ndani. Ukipima kwa dira hiyo nyuzi za uelekeo wa mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, kisha za alama nyingine ya pwani, mistari miwili inakutana kwenye ramani pale ulipo. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu dira iliyosawazishwa kwa Ulaya Kaskazini huweza kuinama na kukwama huku kwetu. Anayeagiza kutoka nje aulize jambo hilo mapema. Chuma cha mashine kikiwa karibu na dira huipotosha.

Ya tatu ni 8x42 isiyoingia maji, nyepesi, nzuri mno mchana kwa anayetafuta pomboo wa Kizimkazi au ndege wa visiwani. Ya nne ni ile inayotuliza taswira kwa betri: huonyesha vizuri kuliko zote, ila ni ghali, na nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuzama. Zenye ukuzaji wa kubadilika na zile za lenzi nyekundu usizinunue kabisa.

Ukiwa chomboni, kaa, ubane viwiko mbavuni na uache kiuno kifuate wimbi. Kitu ulichokiona kwa macho usikiachie. Endelea kukitazama huku ukiinua darubini mpaka ije mbele ya macho yako. Ikiwa kila jicho lina marekebisho yake, rekebisha mara moja kwa kitu cha mbali, kisha ukariri namba zake.

Jioni, usiifute lenzi ikiwa kavu, hata kwa kitambaa laini namna gani, kwa maana chembe za chumvi hukwaruza kioo kama msasa. Imwagie kwanza maji baridi ya kunywa, taratibu, mpaka chumvi yote iyeyuke, uiache ichuruzike kivulini, ndipo ufute.